UZI MAALUMU: Unalea peke yako na unafanya kazi? Tupange saa, maziwa, mlezi na mbadala

KipangaSaa (mleta uzi)

Habari za wakati huu wadau. Uzi huu ni wa akina mama wanaolea peke yao huku wakitafuta riziki, wawe wameajiriwa, wako kwenye zamu au wanajitegemea. Habari za nani alimwacha nani zina nyuzi zake. Hapa tuweke mambo ya kushika mkononi: saa ngapi, kiasi gani, nani anafanya, na kikiharibika kimeharibikia wapi.

Nianze na ninaloliamini kuliko yote. Siku ikimshinda mtu, hudhani saa hazikumtosha. Ukiichambua siku yenyewe utakuta saa zilikuwepo ila hakukuwa na mtu wa pili. Nyumba yenye wazazi wawili ina mbadala hata bila kuupanga, maana mmoja akikwama njiani mwenzake anamchukua mtoto. Anayelea peke yake inabidi autengeneze mwenyewe, kwa jina na namba ya simu, kabla haujahitajika. Ndiyo maana kabla ya ratiba nataka kila mmoja aandike majina matatu.

Wa kwanza ni mlezi wa kila siku, wa nyumbani au wa kituo. Wa pili ni anayeweza kufika ndani ya nusu saa mlezi akiugua ghafla. Wa tatu hahitaji kuwa mtu wa siku nzima. Inatosha awe jirani au ndugu wa kumshika mtoto kwa muda wa saa 2 wakati wewe uko njiani. Angalia wasitegemee kitu kimoja: mlezi na mdogo wake wanaoishi nyumba moja ni jina moja tu, kwa sababu homa ikiingia mle umewapoteza wote wawili. Na kila mmoja akae na mtoto angalau mara 2 ukiwa karibu. Mtoto asiyemzoea mtu hatakula kwake wala hatalala, na utapigiwa simu urudi.

Sasa ratiba. Ihesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Tuseme unatakiwa kazini saa 2:00 asubuhi. Toa dakika 10 za tahadhari, dakika 50 za safari na dakika 15 za kumkabidhi mtoto: unatoka nyumbani saa 12:45. Mtoto wa miaka 3 anahitaji kama dakika 45 za kuamka, kuoga, kuvaa na kula bila kufokewa, kwa hiyo anaamshwa saa 12:00. Wewe unamtangulia kwa dakika 45, yaani saa 11:15 alfajiri. Ukitaka usingizi wa saa 7, uwe umeshalala saa 4:15 usiku. Ukishaiona hiyo 4:15 ndipo unaelewa kwa nini kufua nguo saa 5 usiku kunakula kesho yako.

Mtoto naye ana hesabu yake. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 inataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukihesabiwa humo. Anayeamka saa 12 asubuhi na halali mchana awe amesinzia kabla ya saa 2 usiku. Ukifika naye nyumbani saa 12 jioni mna saa 2 pamoja, basi. Katika hizo, kupika chakula kutoka mwanzo ni hasara. Pika kwa wingi siku ya mapumziko, gawa kwenye vyombo vya mlo mmoja mmoja, kiingie friji ndani ya saa 2 baada ya kuiva. Cha siku 3 za kwanza kibaki friji, kilichozidi kigande kwenye friza. Vyombo viwe vya kina kifupi, maana sufuria kubwa hupoa polepole katikati na chakula huchachia humo.

Usiku uliotangulia: begi limefungwa, nguo za wote wawili zimetolewa, viatu viko mlangoni, simu iko kwenye chaji. Asubuhi huvurugwa na kutafuta kiatu kimoja kuliko kazi kubwa yoyote.

Chembechembe

Asante kwa uzi, mkuu. Mtoto wa miezi 3 na nusu, kurudi kazini bado wiki 4, ananyonya tu. Maziwa yaanze kukamuliwa lini na yawekwe kiasi gani? Kila mtu anasema lake.

BiMkunga

Dada Chembechembe, wiki 4 zinatosha kabisa. Usianze kujaza friza kwa hofu.

Hesabu ni hii. Mtoto wa mwezi 1 hadi 6 anayenyonya tu hunywa kwa wastani mililita 750 hadi 800 kwa saa 24. Kwa kila saa usiyokuwepo weka mililita 30 hadi 45. Kwa ratiba ya mleta uzi mama hayupo kama saa 11, yaani mililita 330 hadi 495. Akimnyonyesha dakika za mwisho kabla ya kumkabidhi na mara tu anapomchukua, kiasi hushuka kuelekea kile cha chini.

Akiba ya kuanzia ni ya siku 2, basi. Wiki 2 kabla ya kurudi kazini kamua mara moja kwa siku, nusu saa hivi baada ya kunyonyesha kwa asubuhi, muda ambao matiti huwa yamejaa zaidi. Mililita 60 kila siku kwa siku 14 ni 840. Baada ya hapo maziwa ya leo kazini ndiyo chakula cha kesho, na akiba inabaki ya siku mbaya.

Kazini kamua kila baada ya saa 3, dakika 15 hadi 20. Ukiruka mara kwa mara, titi lililokaa limejaa hupata ishara kwamba maziwa hayahitajiki na huanza kupunguza. Mama wengi hulaumu chakula au mawazo, kumbe ni ile zamu ya kukamua ya saa 8 mchana inayoliwa na vikao. Kikombe cha pampu ya kukamulia nacho kikague: chuchu iende na kurudi bila kusuguliwa pembeni, na weusi wa titi usivutwe ndani kwa wingi. Kikibana huumiza na maziwa hayatoki yote, kikipwaya vilevile.

Kuhifadhi: maziwa mabichi hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, siku 4 kwenye friji yenye nyuzi 4, na miezi 6 kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Yaweke nyuma kabisa, siyo mlangoni ambako joto hupanda kila unapofungua. Fungasha mililita 60 hadi 90, andika tarehe, ya zamani yatumike kwanza. Maziwa ya moto usiyamimine juu ya yaliyoganda, yapoze kwanza. Yaliyoyeyushwa friji yatumike ndani ya saa 24 na yasigandishwe tena. Mtoto akishaacha kunywa, yaliyobaki kwenye chupa yatumike ndani ya saa 2.

Pasha kwa kuzamisha chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Maikrowevu hapana: hupasha sehemu sehemu, juu ukigusa yako sawa na katikati yanaunguza. Mafuta kujitenga juu ni kawaida, zungusha chupa taratibu.

Kuna kosa moja linalotisha akina mama bure. Mlezi anapiga simu saa 6 mchana: "maziwa yameisha na bado analia." Mara nyingi chupa ilinywewa kwa dakika 5. Mlezi afundishwe kumketisha mtoto wima, chupa ilale karibu sawa na sakafu, ashushe chupa kila baada ya muda ili mtoto apumue, mlo uchukue dakika 15 hadi 20. Shibe huchelewa kufika kichwani, kwa mtoto kama kwa mtu mzima. Na chupa ya kwanza ampe mtu mwingine, wiki 2 au 3 kabla, wewe ukiwa chumba kingine; akisikia harufu yako anaweza kuikataa.

Titi likiwa gumu, la moto, limekuwa jekundu na una homa, nenda kituo cha afya, na uendelee kunyonyesha huku ukitibiwa.

Kijumbe

Naongezea kwa BiMkunga. Kazini pasipo friji, kiboksi cha kutunza baridi, kilichofungwa vizuri, chenye vipande vya barafu iliyoganda sawasawa hutunza maziwa hadi saa 24. Barafu iguse vyombo, na usifungue kila mara kuchungulia.

Na kuhusu haki: Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 183 wa mwaka 2000 unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na unampa anayenyonyesha mapumziko ya kila siku au kupunguziwa saa, muda huo ukihesabiwa na kulipwa kama wa kazi. Si kila nchi imeuridhia, kwa hiyo fungua sheria ya kazi ya kwako na mkataba wako wa ajira, andika kifungu, ndipo uende kuongea.

MleziWaKituo

Nizungumzie makabidhiano, kwa sababu hapo ndipo mama na mlezi hukosana.

Ukienda kukagua kituo, acha rangi za ukutani. Hesabu watoto, kisha hesabu walezi walio nao chumbani wakati huo, siyo walioandikwa kwenye orodha. Kwa wasiotimiza mwaka 1, mlezi mmoja asizidi watoto 3 au 4. Uliza wanalazwaje: jibu sahihi ni chali, kwenye godoro gumu lililo tambarare, bila mto wala nguo laini usoni. Uliza nani anaruhusiwa kumchukua mtoto na wanamthibitishaje. Akijibu "tunawajua wote kwa sura," ondoka. Kisha rudi siku nyingine bila taarifa, muda wa chakula au muda wa kuamka, kwa maana kituo kizima husafishwa kwa ajili ya mgeni wa saa 4 asubuhi.

Kumzoesha kunataka kama wiki 1. Siku ya kwanza mama akae naye saa 1. Ya pili atoke dakika 30. Ya tatu saa 2, ya nne mpaka baada ya mlo na usingizi, ya tano nusu siku. Hofu ya kutenganishwa huanza karibu na mwezi wa 8 na huwa kali kati ya miezi 10 na 18, kwa hiyo anayerudi kazini kipindi hicho ajiongezee siku. Na tafadhali msitoroke mtoto akiwa amegeuka. Akigundua hupo bila kuaga, kesho atakung'ang'ania tangu mlangoni mwa nyumbani. Mkumbatie, mwambie utarudi baada ya uji au baada ya kulala, ondoka. Dakika 1, usirudi nyuma kumfuta machozi. Wengi hutulia ndani ya dakika chache mama akishaondoka.

Karatasi ya kila siku iwe na mistari michache: aliamka saa ngapi, alikula nini na kiasi gani, nepi ya mwisho, dawa gani imetolewa saa ngapi na kiasi gani, nani anamchukua leo. Mstari wa dawa uandikwe, usitegemee maneno ya mdomo. Dawa ile ile ya homa kutolewa na mama saa 12 na mlezi saa 2 ni kosa linalotokea, na ni la hatari.

AfisaUtumishi

Upande wa bosi. Ombi la kubadilishiwa saa za kazi hukataliwa zaidi kwa sababu ya jinsi lilivyoletwa. Likija siku ya dharura, likiwa na machozi na bila pendekezo, meneja anasikia tatizo ambalo sasa ni lake. Lilete siku tulivu, kwa maandishi, lijibu mambo manne: saa unazotaka, kazi gani itafanyika lini, nani atashika simu usipokuwepo, na muda wa majaribio. Mfano:

"Naomba kuanza kazi saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 10:30 jioni kuanzia tarehe 1. Ripoti ya siku itakuwa tayari saa 10:00. Baada ya hapo napatikana kwa simu kwa jambo la haraka. Naomba tujaribu kwa wiki 6, kisha tupime pamoja."

Hakuna haja ya kueleza maisha yako. Wiki 6 ni rahisi kukubalika kuliko "daima", na zikienda vizuri hakuna anayekumbuka kurudisha ya zamani. Hifadhi nakala na jibu lake, kwa kuwa meneja anaweza kuhamishwa na makubaliano ya mdomo huondoka naye.

ZamuYaUsiku

Ndugu Afisa, hayo ni ya wenye meza. Muuguzi, mlinzi na mtu wa kiwandani hawana saa za kusogeza. Kwao naona mazungumzo yawe juu ya mpangilio wa zamu. Omba usiku mfululizo, 3 au 4 kisha mapumziko, badala ya usiku mmoja mmoja uliotawanyika, kwa sababu kila kubadilika kunakugharimu siku nzima ya usingizi. Omba pia ratiba itolewe wiki 2 kabla. Mlezi wa usiku hapatikani kwa taarifa ya jana.

Wengi hupanga mlezi wa usiku na kusahau asubuhi. Unarudi saa 1:30, mlezi anaondoka, mtoto ameamka na nguvu zote. Mlipe mlezi abaki mpaka saa 7 mchana ili ulale, hata kama usiku huo mtoto alilala tu. Ukikosa, usijilaze kwenye kochi na mtoto mchanga kifuani. Kochi ni mahali hatari mno kwa mtoto mchanga na mtu aliyechoka, anaweza kubanwa na kukosa hewa. Mlaze kitandani kwake kwanza.

Chembechembe

Nimeandika yote. Swali la mwisho: mtoto akiamka na homa saa 11 alfajiri, unaamuaje kwenda kazini au kubaki?

BiMkunga

Swali zuri, kwa sababu saa 11 alfajiri akili haipangi. Amua leo, ubandike ukutani.

Chini ya miezi 3 akiwa na nyuzi 38 au zaidi: hospitali muda huohuo, hakuna mjadala wa kazi. Umri wowote: anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, hakojoi, kifua kinaingia ndani anapovuta hewa: hospitali. Hesabu pumzi kwa dakika 1 kamili akiwa ametulia, usihesabu nusu na kuzidisha. Pumzi 60 au zaidi kwa chini ya miezi 2, 50 kwa miezi 2 hadi 12, 40 kwa mwaka 1 hadi 5, ni pumzi za haraka na anahitaji kuonwa siku hiyo.

Kuharisha au kutapika: abaki nyumbani mpaka zipite saa 48 tangu mara ya mwisho. Tetekuwanga: mpaka vipele vyote vikauke na kushika gamba. Mafua mepesi bila homa, anacheza na anakula: aende.

Pakiti za chumvichumvi (ORS, za kurudisha maji mwilini mtoto akiharisha) ziwepo nyumbani na kwa mlezi. Soma kiasi cha maji kwenye pakiti yenyewe, nyingine ni za lita 1, nyingine ni ndogo zaidi. Pakiti ya lita 1 ikikorogwa kwenye kikombe, chumvi inazidi na inamdhuru mtoto. Zikikosekana: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu, siyo vya mlima.

Na likizo ya mwaka usiimalize yote kwa safari. Tenga siku 5 za homa. Mtoto anayeanza kituo huugua mara nyingi mwaka wa kwanza, hilo lipangwe kama linavyopangwa kodi ya nyumba.

Jambo jingine ambalo halijaguswa. Mama mwenyewe akiwa na huzuni, kukosa usingizi hata mtoto akilala, au kutohisi chochote, kwa zaidi ya wiki 2, aende kuonwa. Unyogovu baada ya kujifungua unatibika. Akipata wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, asingoje wiki 2, aende leo.

HesabuNyumbani

Pesa kwa ufupi. Mfuko wa kwanza wa akiba uwe malipo ya mlezi ya mwezi 1, kabla hata ya akiba nyingine zote. Mlezi asipolipwa kwa wakati ndiye anayeondoka, na kazi yako inaondoka naye. Kisha jenga matumizi ya miezi 3.

Matunzo kutoka kwa baba ni haki ya mtoto. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 18, unasema malezi ni wajibu wa wazazi wote wawili, na cha 27 kinazitaka nchi zisaidie matunzo yapatikane. Yadai kwa maandishi, tunza kumbukumbu ya tarehe na kiasi. Ila pesa isiyokuja kwa uhakika usiitegemee kulipia kodi au mlezi. Ielekeze kwenye sare, bima, akiba ya shule.

Andika pia nani atamlea mtoto ukipatwa na jambo, kwa wosia halali. Kwenye bima ya maisha usiandike jina la mtoto mdogo peke yake; nchi nyingi hazimruhusu kupokea mwenyewe na pesa hukwama. Taja msimamizi.

KipangaSaa (mleta uzi)

Asanteni sana wadau, BiMkunga Mungu akuzidishie. Naongeza kimoja: dakika 20 kila Jumapili jioni, mtoto akishalala. Pitia zamu za wiki, tarehe za kliniki na chanjo, siku za kufunga shule, kisha watumie ujumbe yule mtu wa pili na wa tatu kwenye majina yako matatu: "Jumatano nina kikao mpaka saa 12 jioni, ukae karibu na simu." Mbadala anayekumbushwa Jumapili hupokea simu Jumatano.

Wa zamu za urefu wa saa 12 wekeni ratiba zenu hapa, bila jina la mwajiri, tuzikokotoe moja moja. Andika saa ya kuripoti, dakika za safari, umri wa mtoto na nani anabaki naye.